RAIS NA URAIS: JINA LA CHEO KATIKA HISTORIA YA MAREKANI NA YA KONGO

1. Utangulizi

Katika uwanda wa Ruzizi, kwa mfano kule Luvungi, kwenye barabara iunganishayo Bukavu na Uvira, msemaji wa Kiswahili anayo majina matatu ya kiongozi mkuu. Mwami ni mtawala wa jadi wa Bafuliiru, na cheo chake hurithiwa. Prezida, jina lililotoka katika Kifaransa, husikika katika mazungumzo ya kila siku, wala si kwa mkuu wa nchi peke yake: chama cha akiba kina prezida wake, na timu ya mpira vilevile. Rais ndilo jina la redio na la maandishi. Mara nyingi majina haya huchukuliwa kana kwamba yana maana moja. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi Wamarekani walivyomchagulia mkuu wao jina, jinsi walivyotenga mtu na cheo chake, na jinsi suala hilohilo lilivyojitokeza katika historia ya Kongo.

2. Asili ya jina

Neno la Kilatini lililozaa «prezida» lina maana ya kuketi mbele. Prezida wa asili ni yule anayeketi mbele ya wenzake ili kuendesha kikao. Ndivyo lilivyotumika katika makoloni ya Amerika: mwaka 1774, Peyton Randolph alichaguliwa kuwa rais wa Baraza la makoloni lililokutana Philadelphia, na John Hancock alikuwa na cheo hicho wakati wa Tangazo la Uhuru la 1776. Watu hao hawakutawala nchi. Waliongoza majadiliano tu. Kwa maana hiyo, prezida wa chama cha akiba huko Luvungi yu karibu na maana ya kwanza ya jina hili kuliko wakuu wengi wa nchi.

Neno «rais» lina njia nyingine. Asili yake ni Kiarabu, nalo lina uhusiano na neno lenye maana ya kichwa. Katika Kiarabu hutumika pia kwa nahodha wa chombo. Basi, jina moja linatazama kiti, la pili linatazama kichwa. Kwa kufuata Kilatini, tafsiri iliyo karibu zaidi ingalikuwa «mwenyekiti». Lakini Tanganyika ilipokuwa jamhuri mwaka 1962, na Kenya mwaka 1964, mkuu wa dola aliitwa rais, na jina la mwenyekiti likabakia kwa vyama, kamati na vikao.

3. Wamarekani na cheo kipya

Wajumbe waliokutana Philadelphia kuanzia Mei hadi Septemba 1787 walikuwa wametoka katika vita dhidi ya mfalme wa Uingereza. Walitaka serikali yenye nguvu, lakini waliogopa kumrudisha mfalme kwa mlango wa nyuma. Walibishana kama mamlaka yapewe mtu mmoja au watu kadhaa. Walibishana pia juu ya muda: kwa kipindi fulani walikubaliana miaka saba bila ya kuchaguliwa tena, naye Alexander Hamilton alipendekeza mkuu adumu maisha yake yote maadamu ana mwenendo mwema. Mwishowe waliafikiana miaka minne, bila ya kuweka kikomo cha kuchaguliwa tena. Thomas Jefferson, aliyekuwa Paris, alimwandikia James Madison mwezi wa Desemba 1787 akilalamikia upungufu huo, kwani aliona kuwa mtu atakayechaguliwa tena na tena atakuwa mtawala wa maisha.

George Washington aliapa tarehe 30 Aprili 1789 mjini New York. Hapo ukazuka ubishi unaomhusu sana mwanaisimu: aitwe nani? Makamu wake, John Adams, alipenda jina la fahari, na kamati ya Seneti ilipendekeza aitwe Mtukufu, Rais wa Marekani na Mlinzi wa uhuru wake. Baraza la Wawakilishi lilikataa. Likabakia jina kavu la Rais wa Marekani, yaani jina la mtu anayeongoza kikao.

4. Mtu hupita, cheo hubaki

Sarufi ya Kiswahili inaonyesha waziwazi jambo ambalo Wamarekani walilitafuta kwa miaka mingi. Kiambishi u- huondoa maana kwa mtu na kuipeleka kwenye cheo: rais, urais. Lugha jirani, kama Mashi na Kifuliiru, hufanya vivyo hivyo kwa bu-: mwami hufa, lakini ubwami haufi. Tofauti ni kwamba mwami huacha cheo kwa kifo, hali rais huapa akijua mwaka wa kukiacha.

Mwaka 1796 Washington alitangaza kwamba hatagombea mara ya tatu, na Machi 1797 alimwachia Adams nafasi. Hakuna sheria iliyomlazimisha. Kitendo chake kikawa desturi, nayo desturi hiyo ilidumu zaidi ya miaka mia moja na arobaini.

Jaribio jingine lilikuja Aprili 1841, William Henry Harrison alipofariki baada ya mwezi mmoja tu madarakani. Katiba haikueleza wazi kama makamu wake, John Tyler, amekuwa rais au anashika tu kazi za rais. Wapinzani walitaka aitwe kaimu rais. Yeye alikataa, akadai jina kamili. Jambo hilo liliandikwa katika katiba mwaka 1967 tu, kwa rekebisho la 25. Hata hivyo makamu wanane, wa kwanza akiwa Tyler, walikuwa wamekwisha kuchukua urais kwa sababu ya kifo, na kila mara cheo kilipata mwenyewe bila ya vita.

Desturi ya Washington ilivunjwa na Franklin Roosevelt, aliyechaguliwa mara nne, mwaka 1932, 1936, 1940 na 1944, akafariki akiwa madarakani Aprili 1945. Hapo Wamarekani waliona kuwa desturi peke yake haitoshi. Rekebisho la 22, lililothibitishwa Februari 1951, liliweka sharti kwamba mtu asichaguliwe kuwa rais zaidi ya mara mbili. Hata hesabu yao hufuata cheo kuliko mtu: Grover Cleveland ni rais wa 22 na wa 24, naye Donald Trump ni wa 45 na wa 47, kwa kuwa kila mmoja wao alitoka akarudi. Hivyo marais ni 47, hali watu walioshika urais ni 45.

5. Kongo: jina moja, mamlaka mbalimbali

Sheria ya Msingi ya Mei 1960, iliyotungwa Ubelgiji, ilimpa rais wa Kongo nafasi iliyofanana na ile ya mfalme wa Wabelgiji, huku serikali ikiongozwa na waziri mkuu. Wakuu walikuwa wawili, na mpaka kati yao haukuwa wazi. Tarehe 5 Septemba 1960, Joseph Kasa-Vubu alimwachisha kazi Patrice Lumumba, naye Lumumba akatangaza kumwondoa Kasa-Vubu. Mgogoro huo ulimfungulia njia Joseph-Désiré Mobutu, aliyetwaa mamlaka kabisa tarehe 24 Novemba 1965.

Katiba ya 1967 ilimfanya rais kuwa mkuu wa dola na wa serikali pia, na kwa karatasi ilikaribia mfano wa Marekani. Lakini mwaka huohuo chama cha MPR kilianzishwa, na Mobutu akaitwa Rais-Mwanzilishi. Jina hilo lastahili kuchunguzwa: mtu anaweza kurithiwa urais, lakini hawezi kurithiwa uanzilishi. Nyongeza ya neno moja ilikifunga cheo kwa mtu. Toka Novemba 1965 hadi Mei 1997 Kongo, iliyoitwa Zaire kwa sehemu kubwa ya muda huo, ilikuwa na rais mmoja. Marekani, kwa miaka hiyohiyo, ilikuwa na saba, toka Lyndon Johnson hadi Bill Clinton.

Laurent-Désiré Kabila, aliyefuata, wasemaji wa Kiswahili walimwita Mzee, jina la heshima ya ukoo lisilo na muda wa kumalizika. Aliuawa Januari 2001, na mwanawe Joseph akashika nafasi yake, jambo linalokumbusha zaidi ubwami kuliko urais.

6. Hitimisho

Katiba ya Februari 2006 ilijaribu kulitenga tena jina la mtu na la cheo. Kifungu cha 70 kinampa rais miaka mitano, inayoweza kurudiwa mara moja tu. Kifungu cha 220 kinakataza kurekebisha idadi na urefu wa vipindi hivyo. Kipindi cha pili cha Joseph Kabila kilimalizika Desemba 2016, lakini uchaguzi ulifanyika Desemba 2018. Miaka hiyo miwili raia waliiita kwa neno la Kifaransa lenye maana ya kuteleza. Januari 2019 Félix Tshisekedi alipokea madaraka kwa mtangulizi wake aliye hai, jambo ambalo nchi haikuwa imelishuhudia kwa amani tangu uhuru. Tangu Oktoba 2024, alipotangaza mjini Kisangani nia ya kuunda tume ya kuitazama upya katiba, kifungu cha 220 kimekuwa kiini cha mjadala.

Historia ya Marekani haitoi dawa ya mjadala huo, wala haionyeshi watu wasio na tamaa. Inaonyesha kwamba jina la cheo hulindwa kwanza na desturi, na desturi ikivunjwa, na sheria. Kiswahili kwa upande wake kimekwisha kuweka msingi wa hoja katika herufi moja: rais ni mtu, urais ni wa wote.