Kwa Nini Bianchi Haitajwi Tena Kama Zamani

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanywe Kigali, tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, wanafunzi wa shule yetu wamekuwa wajuzi wa majina ya baiskeli. Mashindano hayo, ya mbio za barabarani, yalikuwa ya kwanza ya aina yake kufanywa katika bara la Afrika, na hata sisi wa Rusizi, tulio mbali na mji mkuu, tuliyafuata katika televisheni. Sasa hata mtoto wa kidato cha kwanza aweza kukuambia kwamba Tadej Pogačar wa Slovenia, aliyeshinda mbio kubwa ya wanaume, alipanda Colnago; kwamba Remco Evenepoel wa Ubelgiji, aliyemfuata, alipanda Specialized; na kwamba Ben Healy wa Ireland, aliyekuwa wa tatu, alipanda Cannondale. Lakini mzee mmoja wa hapa Gitambi, fundi wa baiskeli tangu ujana wake, alipotuuliza, "Na Bianchi je, wajukuu zangu, ilikuwa ya ngapi?" wenzangu walitazamana tu. Hawakupata kulisikia jina hilo.

Mzee huyo alijifunza kazi yake Bukavu, ambako mapadre wa Italia wamefanya kazi miaka mingi, na mmoja wa mapadre hao alikuwa na Bianchi ya chuma. Kwake yeye, baiskeli ya mashindano ni Bianchi, na nyingine zote ni za kwendea sokoni. Imekuwaje basi jina lililokuwa kubwa namna hiyo lisijulikane na vijana wapendao mbio? Nimejaribu kulichunguza jambo hili, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza yafaa nieleze neno moja lililowatatiza wengi. Katika mashindano ya dunia mpandaji huvaa fulana ya nchi yake, lakini hupanda baiskeli ya timu imwajiriyo mwaka mzima. Pogačar hakupanda Colnago kwa sababu Waslovenia wanaipenda, bali kwa sababu timu yake, UAE Team Emirates, ina mkataba na kampuni hiyo. Timu kubwa ina wapandaji wapatao 30, na kila mmoja hupewa baiskeli kadhaa. Kampuni ndiyo itoayo baiskeli hizo, na mara nyingi hutoa na fedha juu yake. Msomaji alikumbuke neno hili, maana tutalihitaji mbele.

Edoardo Bianchi alizaliwa mwaka 1865, akalelewa katika nyumba ya watoto yatima mjini Milan. Mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka 20, yaani mwaka mmoja tu kunizidi mimi, alifungua karakana ndogo katika mtaa wa Nirone. Husemwa kwamba kampuni yake ndiyo ya kale kuliko zote za baiskeli duniani zilizo hai hata leo. Rangi yake ni kati ya buluu na kijani, na Wataliana huiita celeste, maana yake rangi ya mbingu. Wako wasimuliao kwamba ni rangi ya macho ya Malkia Margherita, ambaye Edoardo alimfundisha kupanda baiskeli. Wengine husema ilikuwa rangi ya jeshi iliyobaki, ikachanganywa ili isipotee bure. Mimi naiamini zaidi hii ya pili, kwa kuwa fundi hupaka rangi aliyo nayo.

Aliyelipandisha jina hilo ni Fausto Coppi. Mwaka 1949 alishinda Giro d'Italia na Tour de France katika mwaka mmoja, jambo ambalo hakuna mtu aliyelifanya kabla yake, na mwaka 1952 akalirudia. Mwaka 1953 akawa bingwa wa dunia. Mwisho wake waligusa bara letu. Mnamo Desemba 1959 alikwenda Volta ya Juu, nchi ambayo leo yaitwa Burkina Faso, kushindana na kuwinda pamoja na wenzake, na huko akapata malaria. Mfaransa Raphaël Géminiani, aliyeugua pamoja naye, alipimwa, ugonjwa ukajulikana, akapona; lakini madaktari wa Coppi hawakuutambua, naye akafariki tarehe 2 Januari 1960, akiwa na miaka 40. Sisi tukaao karibu na bonde la Bugarama, ambako hata mtoto huijua homa hiyo, twaona ajabu kwamba mtu mashuhuri kama huyo alikosa kupimwa.

Baada ya Coppi alikuja Felice Gimondi, aliyeshinda Giro ya 1976 juu ya Bianchi, na baadaye Marco Pantani, mtu mdogo wa kupanda milima, aliyeshinda Giro na Tour mwaka 1998. Tangu mwaka huo Bianchi haijashinda Tour tena. Ilikaribia mara mbili: mwaka 2003 Jan Ullrich alikuwa wa pili, na mwaka 2020 Primož Roglič alikuwa wa pili vilevile.

Je, baiskeli yenyewe iliharibika? Hapana. Kilichobadilika ni namna ya kuunda baiskeli, na hapa ndipo penye kiini cha habari.

Zamani fremu ya mashindano ilikuwa mabomba membamba ya chuma kigumu. Wataliana walikuwa na kiwanda cha mabomba hayo, Columbus cha Milan, ambacho makarakana mengi yalinunua kwake. Kwa hiyo mabomba ya fundi huyu na ya fundi yule yaweza kuwa yametoka katika kiwanda kile kile. Tofauti ilikuwa mkono. Fundi humpima mpandaji miguu, kiwiliwili na mikono, hukata mabomba kwa kipimo chake, huyaingiza katika viungio, kisha huyaunga kwa moto na madini yayeyukayo upesi, akiangalia asiuchome ukuta wa bomba ulio mwembamba. Moto ukizidi, chuma hupoteza nguvu. Ukipungua, kiungo hakishiki. Ujuzi huo haukuandikwa katika vitabu. Ulikuwa katika macho ya mafundi wa Milan na vijiji vya kando yake, na mtu aliyeutaka hakuwa na budi kwenda kwao. Hii ndiyo maana ya ile heshima ya baiskeli ya Kitaliana. Haikuwa majivuno matupu.

Kisha zikaja nyuzi za kaboni. Nyuzi hizi ni nyembamba kuliko unywele. Hupangwa kama kitambaa, hutiwa gundi, hulazwa ndani ya kalibu ya chuma, kisha huokwa mpaka zikakauka na kuwa ngumu. Fremu yake ni nyepesi mno. Baiskeli ya chuma ya mashindano ilikuwa na uzito wa kilo 10 hivi, lakini hizi mpya zilipungua uzito hata Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli likaweka sheria mwaka 2000 kwamba baiskeli ya mashindano isiwe chini ya kilo 6.8. Hebu fikiri: badala ya kutafuta wepesi, ilibidi watu wauzuie!

Lakini kalibu moja hutoa kipimo kimoja tu, na bei yake ni kubwa. Mwenye kalibu hawezi kuunda fremu moja kwa ajili ya mtu mmoja. Lazima aunde maelfu, auze dunia nzima. Kazi hiyo haikumhitaji tena yule fundi mwenye jicho la moto. Ilihitaji mtaji, mitambo na wafanyakazi wengi wenye mikono myepesi. Watu wa Taiwan walikuwa tayari. Kampuni yao ya Giant ilianza mwaka 1972 kwa kuunda baiskeli zilizouzwa kwa majina ya wengine, ikajifunza kidogo kidogo, mwisho ikauza kwa jina lake yenyewe. Wamarekani nao, kama Trek na Specialized, walileta fedha na matangazo. Hata makampuni ya Italia yalianza kuagiza fremu kutoka Asia, Colnago ikiwa mojawapo. Ikiwa jina la Kitaliana limepakwa juu ya fremu iliyookwa Taiwan, mnunuzi huanza kujiuliza analipia kitu gani.

Sisi Waafrika wa Mashariki hatupaswi kushangaa, kwa maana tumeyaona haya kwa Raleigh. Wazee wetu walidhani hakuna baiskeli nyingine. Ilitoka Nottingham, Uingereza, na katika miaka ya 1950 kiwanda hicho kiliunda zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Kisha zikaja Hero ya Bara Hindi na Phoenix ya China, zenye umbo lile lile na bei ndogo, na mwaka 2002 kazi ya kuunda baiskeli Nottingham ikakoma. Baiskeli zinazopanda vilima vyetu na mikungu ya ndizi hazina haja ya cheo. Zina haja ya karia imara na fundi wa karibu.

Mfano wa Raleigh, hata hivyo, haujibu yote. Colnago ni ya Kitaliana vilevile, nayo ilipatwa na mambo yale yale, lakini ndiyo iliyoshinda Kigali. Tazama mwaka 2020. Katika Tour ya mwaka huo Roglič, juu ya Bianchi, aliongoza mpaka siku moja kabla ya mwisho. Ndipo Pogačar, juu ya Colnago, akampita katika mbio ya saa ya kupanda La Planche des Belles Filles. Baiskeli mbili za Kitaliana zilikuwa za kwanza na za pili. Hiyo ilikuwa Tour ya kwanza ya Colnago tangu Ernesto Colnago afungue karakana yake Cambiago katika miaka ya 1950.

Tangu hapo njia zao ziliachana. Mwaka huo huo wa 2020 kampuni ya Abu Dhabi iitwayo Chimera ilinunua sehemu kubwa ya Colnago, na timu ya Pogačar ni ya nchi hiyo hiyo. Bianchi, ambayo tangu 1997 ilikuwa mali ya kampuni ya Uswidi, iliachana na timu ya Roglič, Jumbo-Visma, mwishoni mwa 2020. Timu hiyo ikachukua baiskeli za Cervélo za Kanada, na mwaka 2023 ikashinda Giro, Tour na Vuelta, zote tatu. Bianchi ilikwenda kwa timu ndogo zaidi. Mojawapo, Arkéa ya Ufaransa, ilivunjwa mwishoni mwa 2025. Pogačar naye, mwaka 2024, alishinda Giro na Tour katika mwaka mmoja, akiwa wa kwanza kufanya hivyo tangu Pantani. Lile taji lililokuwa la Bianchi tangu Coppi limehamia kwa jirani. Na kwa maoni yangu, halikuhamishwa na fremu bora. Lilihamishwa na mtu aliyekubali kulipa, na bahati ya kumpata Pogačar mapema.

Wenzangu wengine watasema, yatuhusu nini sisi? Yatuhusu. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, hubeba abiria na magunia ya mchele kutoka Bugarama, naye ana miguu ya mashindano. Mwaka jana mtu mmoja alimletea Bianchi ya kaboni iliyokwisha kutumika Ulaya, rangi yake celeste safi, akataka bei sawa na ya mtamba. Baba mkubwa alikuwa tayari kumtoa mtamba huyo. Yule mzee fundi aliiinua fremu, akaigongagonga kwa sarafu kutoka juu mpaka chini, kama wanawake wagongavyo chungu sokoni. Mahali pote ililia. Karibu na pedeli haikulia. Ndani yake nyuzi zilikuwa zimeachana, ingawa rangi haikuonyesha hata mkwaruzo. "Ingekuwa ya padre," akasema, "ningeichomelea leo, kesho ungepanda. Hii siwezi, mwanangu." Ulaya wako mafundi wazibao kaboni, lakini kutoka Gitambi ni safari ndefu kuwafikia. Mtamba alibaki zizini, na kaka yangu akanunua baiskeli ya alumini ambayo jina lake limekwanguka hata halisomeki. Juu ya hiyo hufanya mazoezi katika barabara ya Kamembe.

Bianchi haijafa. Mwaka 2021 ilitangaza kwamba itajenga kiwanda kipya Treviglio, karibu na Milan, ili kazi ya kaboni irudi nyumbani. Baiskeli yake ya juu, Oltre RC, ilipotoka mwaka 2022 bei yake ilizidi euro 10,000, yaani zaidi ya faranga milioni 15 za Rwanda kwa hesabu ya mwaka 2025. Nadhani wainunuao ni watu wenye umri, waliomwona Pantani wakiwa vijana au waliosimuliwa Coppi na baba zao. Vijana wa Ulaya wamtazamao Pogačar huuliza bei ya Colnago.