Shinikizo Korofi la Damu: Kwa Nini Daktari Halishushi kwa Pupa

Tuchukue watu wawili wafikao hospitali ya wilaya asubuhi moja. Wote wana umri wa miaka hamsini, na wote wamepimwa shinikizo la damu likaonekana kuwa 220 kwa 130. Wa kwanza amekuja kwa ajili ya jino. Hana maumivu mengine, anaona vizuri, na mkojo wake ni safi. Wa pili anaumwa kichwa tangu juzi, ametapika, macho yake yameingia ukungu, na mkojo wake una damu na protini. Daktari anamlaza huyu wa pili mara moja, anamtundikia dripu ya dawa, na anaagiza apimwe kila baada ya dakika chache. Yule wa kwanza anapumzishwa kwenye benchi, anapimwa tena, kisha anapewa vidonge na kuagizwa arudi baada ya siku chache. Ndugu zake huenda wakanung'unika: namba ni ile ile, mbona mwenzake amepewa kitanda?

Manung'uniko hayo yanastahili jibu. Jibu lenyewe liko zaidi katika hali ya mishipa kuliko katika namba, na ilichukua sehemu kubwa ya karne ya 20 kulipata.

Safu ya zebaki

Damu iliyomo katika ateri husukuma kuta zake. Msukumo huo huwa mkubwa moyo unapojikaza, na hupungua moyo unapolegea. Ndiyo sababu vipimo huwa viwili, cha juu na cha chini, na kwa desturi huhesabiwa kwa milimita za zebaki. Kwa kuwa zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji, milimita 220 za zebaki ni sawa na safu ya maji yenye urefu wa karibu mita tatu. Mwanafunzi akitaka kuelewa jambo hilo, na atazame kutoka sakafuni hadi darini mwa darasa lake. Mchungaji Stephen Hales wa Uingereza aliliona jambo la namna hiyo kwa macho yake: katika kitabu alichochapisha mwaka 1733 alieleza jinsi alivyounganisha bomba refu la kioo na ateri ya farasi jike, na damu ikapanda futi 8 na inchi 3, yaani takriban mita mbili na nusu. Ilipita miaka zaidi ya mia na sitini kabla Scipione Riva-Rocci wa Italia hajabuni, mwaka 1896, mkanda wa kufunga mkononi, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaeleza sauti zinazosikika chini ya mkanda huo unapolegezwa.

Ni nini hulipandisha shinikizo? Hapana budi turudi kwenye fizikia. Upinzani dhidi ya kimiminika kipitacho katika bomba jembamba huongezeka kwa kinyume cha kipeo cha nne cha nusu kipenyo. Bomba likisinyaa hadi nusu ya upana wake wa awali, upinzani huongezeka mara 16. Basi ateri ndogo kabisa za mwili, zile zinazogawa damu kwa kila kiungo, zikijikaza kidogo tu, moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu nyingi zaidi. Kwa wagonjwa walio wengi hakuna chanzo kimoja cha kukaza huko kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole: urithi, chumvi, unene na umri vyote huchangia. Kwa wachache chanzo ni ugonjwa wa figo, ateri ya figo iliyoziba nusu, au uvimbe katika tezi zilizo juu ya figo. Katika shinikizo kali hasa, vyanzo hivi hupatikana mara nyingi zaidi, na daktari mwangalifu huvitafuta.

Pale ukuta unapopasuka

Mwaka 1914 madaktari wawili wa Ujerumani, Franz Volhard na Theodor Fahr, walitofautisha aina mbili za ugonjwa wa figo uendao pamoja na shinikizo la juu. Moja ilikwenda polepole kwa miaka mingi. Nyingine ilimwangamiza mgonjwa kwa miezi, nao wakaipa sifa ile ile wanayopewa saratani. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita shinikizo korofi.

Kinachotokea ni hiki. Ateri ndogo huweza kustahimili shinikizo kubwa kwa kunenepesha kuta zake, maadamu shinikizo hilo linapanda taratibu. Likipanda kwa kasi, utando wa ndani ya ateri hujeruhiwa. Utegili, yaani majimaji ya damu, hupenya ndani ya ukuta na kuganda humo, na njia ya damu husinyaa zaidi. Figo, ambayo sasa inapata damu kidogo, huchukulia kwamba mwili mzima umepungukiwa na damu. Hutoa renini, ambayo kwa hatua kadhaa huzalisha anjiotensini, kemikali yenye nguvu ya kukaza mishipa na ya kuufanya mwili uzuie chumvi. Shinikizo hupanda tena, utando hujeruhiwa zaidi, na figo hulalamika zaidi. Ni kama mlinzi anayepiga kengele ya moto kwa kumwagia moto mafuta. Harry Goldblatt wa Marekani alikwisha kuonyesha mwaka 1934 kwamba mbwa aliyebanwa ateri za figo kwa kibano hupata shinikizo la kudumu.

Uharibifu huo huonekana bila kumpasua mgonjwa. Retina ya jicho ndiyo mahali pekee mwilini ambapo mtu anaweza kuitazama mishipa midogo ya damu ikiwa kazini, kwa chombo chenye taa na lenzi. Katika shinikizo korofi huonekana michirizi ya damu kama ndimi za moto, madoa meupe kama vipande vya pamba, na mara nyingine kichwa cha neva ya jicho kikiwa kimevimba. Mwaka 1939 Keith, Wagener na Barker wa Mayo Clinic huko Marekani waliwagawa wagonjwa wao katika makundi manne kwa kufuata hali ya retina. Katika kundi la nne, lenye uvimbe wa neva, kiasi cha wanne kati ya kila watano walikuwa wamekufa kabla ya mwaka kwisha. Saratani nyingi za siku zile zilikuwa na huruma kuliko hivyo.

Sasa tunaweza kumjibu ndugu wa mgonjwa wa jino. Ateri za mtu wake zimenenepa kwa miaka na bado hazijapasuka. Za yule mwingine zimekwisha kuanza kuvuja. Mgonjwa wa jino yumo hatarini, lakini hatari yake inahesabiwa kwa miezi na miaka, si kwa saa.

Enzi ya kutokuwa na dawa

Vijana wa leo hawawezi kuamini jinsi madaktari walivyokuwa mikono mitupu. Franklin D. Roosevelt, Rais wa Marekani, alipopimwa na daktari wa moyo Howard Bruenn mwezi Machi 1944, shinikizo lake lilikuwa 186 kwa 108. Taifa tajiri kuliko yote duniani halikuwa na cha kumpa ila kupumzishwa, chumvi kidogo, sigara chache, na dawa ya kuusaidia moyo uliochoka. Tarehe 12 Aprili 1945, akiwa Warm Springs katika jimbo la Georgia, alilalamika kwamba kichwa kinamuuma vibaya, akazirai. Bruenn alipompima, shinikizo lilikuwa limepita 300 kwa 190. Damu ilikuwa imevuja ubongoni, na alikufa alasiri hiyo hiyo.

Wakati huo huo, huko Durham katika jimbo la North Carolina, Walter Kempner alikuwa akiwalisha wagonjwa wali usio na chumvi, matunda na sukari, siku nenda siku rudi. Baadhi yao walipona hata retina zikasafika, ila wengi walishindwa kuvumilia. Madaktari wengine walikata neva zilizo kando ya uti wa mgongo ili kulegeza ateri. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaja heksamethoniamu, iliyozuia ujumbe wa neva hizo bila kisu. Iliokoa maisha, lakini mgonjwa akisimama ghafla alianguka. Mwaka 1958 zikaanza kuuzwa dawa za klorothiazidi, zinazoondoa chumvi na maji kwa njia ya mkojo, na kwa mara ya kwanza tiba ikawa ya vidonge ambavyo mtu angeweza kumeza na kwenda kazini.

Je, vidonge hivyo vilisaidia kweli? Edward Freis na wenzake waliwachukua wanaume 143 ambao kipimo chao cha chini kilikuwa kati ya 115 na 129. Nusu hivi walipewa dawa na nusu vidonge bandia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1967: misiba mikubwa, kama kiharusi na kufa kwa figo, ilitokea kwa watu 27 wa vidonge bandia, na kwa 2 tu waliopewa dawa. Ni nadra kwa jaribio la tiba kutoa jibu la wazi namna hiyo kwa watu wachache hivyo.

Dawa iliyokata ule mzunguko wa renini ilitoka mahali pasipotazamiwa. Sérgio Ferreira wa Brazili, katika miaka ya 1960, aliichunguza sumu ya nyoka aitwaye jararaca, ambaye mtu aliyeumwa naye huporomoka shinikizo. Katika sumu hiyo mlikuwa na kitu kinachozuia kutengenezwa kwa anjiotensini. Kwa kufuata njia hiyo wakemia walitengeneza kaptoprili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981.

Hatari ya pili

Kwa kuwa dawa zenye nguvu zilipatikana, likazuka kosa jipya: kulishusha shinikizo kwa kishindo. Ili kulielewa kosa hilo, tufanye hesabu. Wastani wa shinikizo hupatikana kwa kuchukua kipimo cha chini na kuongeza theluthi ya tofauti ya vipimo viwili. Kwa mtu wa 120 kwa 80, wastani ni kama 93. Kwa wagonjwa wetu wawili ni 130 na theluthi ya 90, yaani 160.

Ubongo wa mtu mzima mwenye afya hujipimia damu yake wenyewe. Wastani ukiwa popote kati ya 60 na 150 hivi, ateri za ubongo hujikaza au kulegea hata damu ipitayo ikabaki kiasi kile kile. Juu ya hapo ateri hushindwa, maji huvujia ubongoni, na mtu huchanganyikiwa au kupata degedege. Chini ya hapo ubongo hukosa damu. Lakini katika miaka ya 1970 Svend Strandgaard na wenzake huko Copenhagen walionyesha kwamba kwa mtu aliyeishi miaka na shinikizo kali, mipaka yote miwili imehamia juu. Wa chini huweza kufika 110 au zaidi. Mtu huyo akishushwa ghafla hadi 93, ambayo kwako wewe ni afya, ubongo wake huanza kufa kiu.

Katika miaka ya 1980 ilikuwa desturi katika nchi nyingi kumtobolea mgonjwa kidonge laini cha nifedipini na kumdondoshea dawa chini ya ulimi. Namba ilishuka haraka, na wote waliokuwapo walifurahi. Kisha zikaja taarifa za viharusi, mishtuko ya moyo na vifo, na mwaka 1996 makala katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani ilitaka desturi hiyo ikomeshwe. Kanuni ifuatwayo sasa kwa mgonjwa kama yule wa pili ni kupunguza wastani kwa robo tu, au pungufu ya hapo, katika saa ya kwanza. Kisha kuelekea 160 kwa 100 katika saa mbili hadi sita zinazofuata. Na kufikia kiasi cha kawaida baada ya siku moja au mbili. Robo ya 160 ni 40, inabaki 120. Msomaji ataona kuwa hapo bado tuko juu ya ule mpaka wa 110.

Ateri kuu ya mwili ikipasuka ngozi yake ya ndani, hapo daktari hushusha kwa haraka, kwani kila pigo la moyo linaendeleza mpasuko. Kwa kiharusi cha damu iliyoganda, kinyume chake, mara nyingi huliacha shinikizo lilivyo mpaka lipite 220 kwa 120.

Na wako wale ambao mipaka yao haijahama kabisa. Mama mjamzito aliyezoea 110 kwa 70 anaweza kupata kifafa cha mimba kwa 160 kwa 110, kipimo ambacho mzee wa shinikizo hutembea nacho sokoni. Kwake yeye namba hiyo ni dharura. Pamoja na dawa za kushusha shinikizo hupewa magnesi salfeti, chumvi ambayo mwanafunzi wa kemia anaifahamu kama chumvi ya haluli. Jaribio lililofanywa katika nchi 33 kwa wanawake wapatao elfu kumi, matokeo yake yakatolewa mwaka 2002, lilionyesha kuwa hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu.

Kwetu

Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kisii nchini Kenya, aliripoti vipimo vya Waafrika 1,000: shinikizo lao halikupanda na umri, bali baada ya miaka arobaini lilielekea kushuka. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 1990, uliwafuata Wajaluo waliohama vijijini kwenda Nairobi. Katika miezi michache tu shinikizo lao lilikuwa juu kuliko la wenzao waliobaki, na mkojo wao ulikuwa na chumvi nyingi zaidi. Damu ni ile ile. Mazingira ndiyo yaliyobadilika.

Utafiti wa Dar es Salaam na wilaya ya Hai, uliochapishwa mwaka 2000, uliwauliza waliokutwa na shinikizo la juu kama walijua. Waliojua hawakufika mmoja kati ya watano. Waliokuwa wakipata dawa walikuwa kama mmoja kati ya kumi, na ambao shinikizo lao lilikuwa limedhibitiwa hawakufika mmoja kati ya mia. Wodini, mgonjwa wa shinikizo korofi mara nyingi si mgeni wa ugonjwa huo. Ni mtu aliyepewa vidonge, akajisikia vizuri, vikamwishia, nauli ya kurudi zahanati ikakosekana, naye akaona hakuna haja kwa kuwa haumwi popote.

Hata kwake bado kuna nafasi. Wako wagonjwa ambao figo zao zilisimama hata wakalazimika kusafishiwa damu kwa mashine, na ambao baada ya miezi kadhaa ya vidonge na vipimo vya mara kwa mara, figo zilianza tena kazi kiasi cha kuwawezesha kuachana na mashine hiyo.