MTAMBO USIOSIMAMA NA UHAI WA MFANYAKAZI

Mwananchi anunuapo kabati la jikoni, meza ya ofisi au rafu ya vitabu, mara nyingi hununua kitu ambacho hakikupasuliwa kutoka katika gogo moja. Hiyo ni chipubodi, yaani ubao uliofanywa kwa chembe za mti zilizochanganywa na gundi, kisha zikakandamizwa kwa joto kali mpaka zikashikamana. Ufundi huo ulianza kushika mizizi katika viwanda vya Ujerumani na Uswisi katika miaka ya 1940, wakati mbao nzuri zilipokuwa adimu, huku mabaki ya viwanda vya kupasulia mbao yakitupwa au kuchomwa.

Mitambo ya awali iliyoenea viwandani ilifanya kazi kwa vipindi. Ilifunguka, ikapokea mzigo, ikafunga, ikakandamiza, kisha ikafunguka tena. Mtambo wa mfululizo, ambao ulisambaa kuanzia miaka ya 1980, hauna vipindi hivyo. Malighafi huingia upande mmoja usiku na mchana, na ubao hutoka upande wa pili bila kukatika. Tabia hiyo ndiyo faida yake. Ndiyo pia hatari yake, kwa kuwa humshawishi mfanyakazi kuingiza mkono na kurekebisha kasoro huku mtambo ukiendelea kwenda.

JINSI UNAVYOFANYA KAZI

Chembe za mti hukaushwa, hunyunyiziwa gundi, kisha hutandazwa zikawa kama mkeka mnene na mwepesi. Mkeka huo huingia kati ya kanda mbili za feleji zinazozunguka bila mwisho. Nyuma ya kila ukanda yamo mabamba mazito ya chuma, yaliyopashwa joto kwa mafuta maalumu mpaka kufikia nyuzi 200 za Selsiasi au zaidi. Kati ya ukanda na bamba hubingirika fito nyembamba za feleji ili kupunguza msuguano. Mitungi ya haidroliki husukuma mabamba hayo, na karibu na mlango wa kuingilia shinikizo laweza kupita kilo 30 kwa kila sentimita moja ya mraba.

Hebu msomaji afanye hesabu. Ikiwa ubao wahitaji sekunde 5 za joto kwa kila milimita ya unene, ubao wa milimita 16 utakaa ndani kwa sekunde 80. Katika mtambo wenye urefu wa mita 40, maana yake ni mwendo wa nusu mita kwa kila sekunde. Mwendo huo ni wa mtu anayetembea polepole, na kwa macho hautishi. Lakini ukanda ukinasa mkono wa shati kwenye gurudumu lake kubwa, hakuna nguvu ya binadamu iwezayo kuuzuia.

PALIPO NA HATARI

Hatari ya kwanza ipo kwenye milango miwili. Mlango wa kuingilia, kanda mbili hukaribiana na kumeza chochote kilicho juu ya mkeka. Kipande cha chuma kikiingia humo huharibu kanda zenye thamani kubwa. Kwa sababu hiyo huwekwa sumaku na vitambuzi vya metali, na mkeka wenye kasoro huangushwa shimoni kabla ya kufika mtamboni. Mlango wa kutokea kuna misumeno, mmoja ukisafiri pamoja na ubao ili kuukata bila kuusimamisha. Hapo ubao uliovunjika ukikwama, mfanyakazi huona ni jambo la dakika moja tu kuuvuta. Dakika hiyo ndiyo adui.

Hatari ya pili ni moto. Minyororo na fito huhitaji mafuta ya kulainisha. Vumbi la mti hutua juu yake, nao mvuke huligandisha kwenye vyuma vya moto. Tabaka la vumbi lililokaa muda mrefu juu ya chuma chenye joto laweza kufukuta taratibu hata kuwaka, ijapokuwa chuma hicho hakijafikia joto la kuunguza gogo. Bomba la mafuta ya moto likivuja mahali hapo, cheche ndogo hugeuka kuwa moto mkubwa. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Vumbi lililoko hewani ni baya zaidi, kwani hulipuka. Tarehe 20 Januari 2012 kiwanda cha kupasulia mbao katika mji wa Burns Lake, Kanada, kililipuka. Watu 2 walifariki na 20 wakajeruhiwa. Miezi mitatu baadaye, tarehe 23 Aprili, kiwanda kingine cha mbao katika mji wa Prince George, katika jimbo lilo hilo la British Columbia, kililipuka na kuua watu 2. Tarehe 17 Julai 2015, kinu cha kusaga unga wa mbao huko Bosley, Uingereza, kiliua watu 4. Havikuwa viwanda vya chipubodi, lakini vumbi la mti halichagui kiwanda.

Hatari ya tatu haionekani. Gundi nyingi za ubao huu zina formaldehaidi, ambayo hutoka pamoja na mvuke na kuchoma macho na koo. Mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la mti lilikwisha kuwekwa katika orodha hiyo mwaka 1995. Basi mashine za kufyonza mvuke na vumbi si pambo; zikiharibika, kazi isiendelee kwa kisingizio cha kutimiza lengo la zamu.

KUFULI NA UFUNGUO

Dawa ya hatari hizi ni utaratibu. Kabla ya mtu yeyote kuvuka uzio wa mtambo, umeme hukatwa, na kila fundi hutia kufuli lake mwenyewe kwenye swichi na kuweka ufunguo mfukoni mwake. Mafundi wakiwa watano, makufuli ni matano. Wa mwisho asipotoka, mtambo hauwashwi. Aidha, shinikizo la haidroliki lililobaki hutolewa, na sehemu nzito zilizoinuliwa hutegemezwa kwa nguzo za chuma. Ikumbukwe pia kwamba mabamba hubaki na moto kwa saa nyingi baada ya umeme kuzimwa.

Kusimamisha mtambo ghafla nako kuna elimu yake. Mkeka ukibaki tuli kati ya mabamba ya moto huendelea kupikwa, huwa mweusi, na waweza kuwaka. Kwa hiyo wafanyakazi wa kila zamu hawana budi kufanya mazoezi: kuzuia mkeka mpya, kufungua mabamba, kuondoa mzigo uliomo ikiwa kanda zaweza kwenda bila kumdhuru mtu, na kuweka vifaa vya zimamoto tayari. Lakini uhai wa mtu ukiwa hatarini, kitufe chekundu hubonyezwa kwanza. Hesabu ya ukanda na ya ubao huja baadaye.

Hapa ndipo wajibu wa wakubwa unapopimwa. Kitufe chekundu hakina maana ikiwa kijana wa zamu ya usiku aogopa kukibonyeza kwa sababu wiki iliyopita mwenzake alikemewa kwa kupoteza saa moja ya uzalishaji. Meneja anayetaka kiwanda salama na atangaze mbele ya wote kwamba aliyesimamisha mtambo kwa nia njema hataulizwa hasara, na siku hiyo itakapofika alitimize neno lake. Ubao uliounguzwa hutupwa na mwingine hufanywa kesho yake. Mkono wa mfanyakazi haufanywi upya na mtambo wowote.