Chenga za Picha Usiku

Picha iliyopigwa penye giza huwa na chenga: vitone vilivyotapakaa kila mahali, vingine vya kijivu, vingine vyekundu au vya kijani, hasa kwenye vivuli. Ni neno lilelile la mchele uliokatikakatika na la televisheni iliyokosa mawimbi.

Chanzo chake ni uchache wa nuru. Kihisi cha kamera kina mamilioni ya pikseli, na kila pikseli ni kama ndoo iliyotegwa uani mvua inapoanza kudondoka. Nuru huja kwa chembe ziitwazo fotoni, nazo, kama matone, hazianguki kwa zamu. Matone yakiwa machache, ndoo moja hupata tisa na ya jirani kumi na nne, ingawa zote ziko chini ya wingu moja. Mvua ikinyesha kutwa nzima, tofauti hiyo haionekani tena. Pikseli iliyopokea wastani wa fotoni 100 huyumba kwa takriban 10, yaani asilimia 10. Iliyopokea 10,000 huyumba kwa 100, ambayo ni asilimia 1 tu.

Wanaoanza huilaumu ISO, na lawama hiyo si ya haki. ISO hukuza tu kile ambacho kihisi kimekwisha kupokea. Kuipandisha kutoka 400 hadi 3200 ni kukikuza mara nane pamoja na chenga zake. Nuru yenyewe hutegemea upana wa tundu la lenzi na muda ambao shata hukaa wazi. Lenzi iliyofunguliwa f/1.8 huingiza nuru karibu mara kumi ya iliyo kwenye f/5.6. Kwa hiyo lenzi ya 50mm isiyo na zumu, ambayo bei yake si kubwa, humfaa anayeanza kupiga picha za usiku kuliko zumu nyingi zinazouzwa pamoja na kamera.

Mfano ni Lupaso, kijiji cha Masasi alikozikwa Rais Mstaafu wa Tanzania Benjamin Mkapa mwaka 2020, kilicho karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Huko, kama ilivyo Newala juu ya uwanda wa Makonde, jua likishatua mwanga wa jioni hudumu dakika ishirini na kitu tu. Ngoma ya sindimba iliyoanza kupigwa picha kwa ISO 200 huhitaji 6400 kabla haijakolea. Mchezaji hukata kiuno kwa kasi, na shata ya 1/30 humgeuza moshi. Afadhali 1/200 na chenga zake: picha yenye chenga bado ina sura ya mtu. Flashi ya juu ya kamera huondoa chenga, lakini hufuta pia rangi ya moto na giza la uwanja. Tena, mambo ya jando na unyago yana sehemu zisizopigwa picha. Ruhusa ya wazee hutangulia kamera.

Uso wa mpiga ngoma aliyekaa kando ya moto wa kuni unaonyesha jambo zima. Shavu linaloelekea moto ni safi. La upande wa pili limejaa chenga, ingawa picha ni moja na ISO ni ileile. Moto hutoa nuru nyingi nyekundu na kidogo sana ya buluu, hivyo chenga za buluu ndizo nyingi zaidi.

Kosa baya ni kupiga picha yenye giza mno kwa kuogopa ISO, kisha kuing'arisha kwenye kompyuta. Kwenye kamera nyingi chenga huwa zilezile au huzidi. Programu za kupunguza chenga husaidia, ila zikitumiwa kupita kiasi ngozi hulainika kama plastiki.

Kwa kitu kilichotulia, kamera huwekwa kwenye stendi ya miguu mitatu na shata ikaachwa wazi. Kuanzia Juni hadi Agosti, Njia ya Maziwa hupita juu kabisa ya mikorosho, na sekunde 15 kwenye f/1.8 hutosha kuinasa. Joto la kihisi nalo huzalisha chenga, kwa hiyo kamera hupumzishwa kati ya picha ndefu. Zikipigwa picha 16 zinazofanana, kisha programu ikazipanga moja juu ya nyingine na kutafuta wastani wake, chenga hupungua hadi robo.