Hewa Ipite, Mbu Asipite: Kuchagua Njia za Kupoza Nyumba Ifakara na Bonde la Kilombero

Tunapomuuliza mzazi wa mtoto mwenye malaria iwapo nyumbani kuna chandarua, jibu la kawaida ni kwamba kipo. Tunapouliza iwapo mtoto alilala ndani yake usiku uliopita, mara nyingi hufuata kimya kifupi, kisha maelezo: "Kipo, daktari, ila lile joto." Jibu hilo halipaswi kuchukuliwa kuwa uzembe. Ni taarifa ya kitabibu kuhusu nyumba, nasi wahudumu wa afya hatuna budi kuisikiliza kama tunavyosikiliza historia ya kikohozi au homa.

Uzito wa jambo hili unajulikana vizuri katika bonde letu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa KINET ulieneza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 ulihusisha matumizi ya vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la uwezekano wa kuishi kwa watoto wenye umri wa kuanzia mwezi 1 hadi miaka 4. Lakini chandarua humkinga aliyelala ndani yake, wala si kile kilichofungwa fundo juu ya kitanda. Kwa hiyo, swali la namna ya kupoza chumba cha kulala ni sehemu ya kinga ya malaria.

Joto na mwili wa mwanadamu

Ifakara iko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, kati ya Milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Katika miezi ya joto, hasa kuanzia Oktoba hadi Machi, mchana huwa na jua kali na usiku hubaki na unyevu mwingi. Miongoni mwa njia ambazo mwili hupoteza joto ni upepo unaopita juu ya ngozi, na jasho. Jasho hupoza linapokauka, si linapotiririka. Hewa ikiwa imetulia na imejaa unyevu, jasho hulowesha shuka bila kuupoza mwili.

Usingizi nao hudai ubaridi. Mtu anapoanza kulala, joto la ndani ya mwili hushuka kidogo, na chumba chenye joto huzuia mshuko huo. Watoto wachanga, wazee, wajawazito, na wagonjwa wa moyo, figo au kisukari huathirika zaidi. Vivyo hivyo kwa wanaotumia dawa za kuongeza mkojo, kwa kuwa hupungukiwa na maji upesi.

Paa ndilo chanzo

Katika miongo ya karibuni familia nyingi zimehama kutoka nyumba za udongo na nyasi kwenda nyumba za matofali ya kuchoma na bati. Hayo ni maendeleo ya kweli: nyumba hudumu, maji ya mvua hukingwa, na moto hauli paa kwa urahisi. Hata hivyo, nyasi zilikuwa kizuizi kizuri cha joto. Bati hupata joto haraka na kulirusha chini kwa walio ndani. Kuta za matofali nazo hufyonza joto la mchana na kulirudisha chumbani baada ya jua kutua, saa ambazo familia inajiandaa kulala.

Hapo ndipo wengi hukosea. Kwa kuwaogopa wezi na mbu, dirisha hufanywa dogo na mwanya kati ya ukuta na paa huzibwa kabisa. Ni kweli kwamba mbu waenezao malaria hupenda kuingilia kwenye mwanya huo. Lakini majaribio yaliyofanywa Gambia yalionyesha kwamba nyumba ya bati iliyozibwa mwanya ilikuwa na joto zaidi usiku, na milango isiyokaa vizuri iliendelea kuwapitisha mbu. Mbu humtafuta mtu kwa kufuata hewa ya kaboni dioksidi anayoitoa pamoja na harufu ya mwili wake. Chumba kisichopitisha hewa hulimbikiza vyote viwili.

Mpangilio wa kuchagua

Ninashauri familia ichague kwa ngazi, ikianza na lile linalozuia joto lisiingie kabla ya kununua kifaa cha kulitoa.

Ngazi ya kwanza ni kivuli na dari. Nchini mwetu jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi. Kwa hiyo ni vyema pande ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, baraza au mti upande wa magharibi huukinga ukuta dhidi ya jua la alasiri. Paa lililopakwa rangi nyeupe huakisi sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Dari huzuia joto la bati lisimfikie mlalaji moja kwa moja, na hufaa zaidi pale nafasi iliyo juu yake inapokuwa na matundu ya kutolea hewa ya moto. Fedha zikiwa chache, dari ianzie chumba wanacholala watoto.

Ngazi ya pili ni hewa na wavu. Madirisha yawe mawili, katika kuta zinazoelekeana, ili upepo uwe na mlango wa kuingilia na wa kutokea. Yote yawekwe wavu wa kuzuia mbu, na mwanya wa paa uwekwe wavu badala ya kuzibwa kwa udongo au saruji. Mlango ukae sawasawa kwenye fremu yake. Nchini Gambia, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kuweka wavu katika nyumba kulipunguza idadi ya mbu ndani na pia upungufu wa damu kwa watoto. Hapa kwetu Tanzania, nyumba sita za mfano zilijengwa katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga, zikiwa na kuta zinazopitisha hewa. Zilikuwa na ubaridi zaidi na mbu wachache kuliko nyumba za kawaida za jirani. Baadaye wazo hilo liliendelezwa mkoani Mtwara kwa nyumba 110.

Kwa wakulima wa mpunga wanaohamia mashambani msimu wa kilimo, vibanda huwa wazi na haviwezi kuwekewa wavu kila upande. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamejaribu tepe za gunia zilizotiwa dawa ya transfluthrini, zinazofungwa kandokando ya paa. Hewa hupita, na mvuke wa dawa huwafukuza mbu. Hata pale zinapotumika, chandarua kibaki kitandani.

Ngazi ya tatu ni feni. Feni haipunguzi joto la chumba; husogeza hewa ili jasho likauke. Hutumia takribani wati 50 hadi 75, kiasi ambacho hata mfumo mdogo wa umeme wa jua unaweza kukimudu ukiwa na betri inayotosha. Shirika la Afya Duniani linashauri feni itumike joto la hewa likiwa chini ya nyuzi 40 za Selsiasi, kwani juu ya hapo upepo wake huuongezea mwili joto. Kwa kuwa chandarua hupunguza upepo, feni ielekezwe kitandani moja kwa moja, na chandarua kitandazwe vizuri kisirundikane mikunjo wala kumgusa mlalaji. Wapo wanaoamini kwamba feni inatosha kufukuza mbu. Umeme ukikatika usiku wa manane, imani hiyo hukatika nao.

Ngazi ya nne ni kiyoyozi. Hiki hupunguza joto na unyevu kwa kweli, na kinaweza kuwa cha lazima kwa mgonjwa dhaifu. Lakini hata kile kidogo hutumia umeme wa feni nyingi kwa pamoja, na chumba kisicho na dari hukifanya kifanye kazi bila kupumzika. Anayekimudu akiweke kwenye nyuzi 27 na kuwasha feni pamoja nacho; ataona nafuu ileile kwa gharama ndogo zaidi.

Baridi ya Juni na Julai

Bonde letu lina usiku wa baridi pia. Katika miezi ya Juni na Julai, baadhi ya familia huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha, hasa palipo na mtoto mchanga. Hiyo ni hatari kubwa kuliko baridi yenyewe. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala huenda asiamke azisikie. Mtoto mchanga apewe joto la mama yake: alazwe kifuani, ngozi kwa ngozi, avikwe kofia na kufunikwa kitenge au blanketi. Wakubwa wanatoshelezwa na blanketi.

Basi anayejenga mwaka huu amwambie fundi mapema, kabla ukuta haujafika kwenye kenchi, kwamba mwanya wa paa utawekwa wavu na hautazibwa. Aliyekwisha kujenga aanze na chumba kimoja, kile cha watoto. Nasi tulio hospitalini, tunapouliza kuhusu chandarua, tuulize pia kuhusu dari na dirisha.