Pumzi Inayopimwa Mgonjwa Akiwa Usingizini

Mgonjwa aliyepigwa nusukaputi na kupewa dawa ya kulegeza misuli hapumui mwenyewe. Mashine humpumulia, na mtaalamu wa usingizi ndiye anayeipangia kasi. Ndugu walioketi nje huuliza kama damu ipo, kama oksijeni ipo. Kabonidayoksaidi, ile hewa chafu tunayoitoa kila tupumuapo, haimo katika maswali yao.

Ndani, gesi hiyo ina mstari wake kwenye skrini. Kila pumzi inayotoka huchora kilima chenye kilele bapa, kisha mstari hushuka hadi sufuri mgonjwa anapoingiziwa hewa safi. Namba ya pembeni kwa kawaida hutakiwa iwe kati ya 35 na 45, kwa kipimo cha milimita za zebaki. Mrija ukishaingizwa kooni na kilima kisionekane, yumkini umepita njia ya chakula, na hapo hakuna kubishana: unatolewa. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni huweza kuchelewa kwa dakika kadhaa kabla hakijapiga kelele.

Je, hewa chafu ikipungua si ndiyo afadhali? La. Mishipa ya damu ya ubongo husinyaa gesi hii inapopungua na kutanuka inapozidi. Mashine ikienda mbio mno, damu ya ubongoni hupungua, na dawa ya usingizi iliyomo humo hukawia kuondoka. Isitoshe, kupanda kwa gesi hiyohiyo ndiko kunakouchochea ubongo uamuru kupumua.

Yandell Henderson wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alilishikia bango jambo hili mapema katika karne ya 20. Dai lake kwamba upungufu wa gesi hii ndio chanzo cha mshtuko wa upasuaji halikusimama. Tiba yake, hata hivyo, ilipata wafuasi: katika miaka ya 1920 wagonjwa waliolazwa usingizi kwa etha walivutishwa oksijeni yenye kabonidayoksaidi kidogo ili waheme kwa nguvu na kuitoa etha upesi. Desturi hiyo imeachwa.

Kuzidi nako kuna balaa lake. Katika upasuaji wa matundu madogo, kama wa kutoa kifuko cha nyongo, tumbo hujazwa gesi hiyo ili daktari apate nafasi ya kuona. Nyingine huingia kwenye damu, hivyo mashine huongezewa kazi. Wapo wanaoamka wakilalamikia bega ambalo halikuguswa: gesi iliyosalia husumbua kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo, na maumivu husikika begani.

Hatari haiishii mezani. Mofini ya kutuliza maumivu hupunguza pumzi, na mgonjwa aliyevishwa barakoa ya oksijeni huweza kuonyesha 98 kidoleni huku kabonidayoksaidi ikimlundikia na kumzidishia usingizi. Ndugu husema kapumzika vizuri. Muuguzi makini humtazama kifua, akazihesabu pumzi kwa dakika nzima, na zikiwa chache mno humwamsha na kumwita daktari.