Panya, dawa ya Ebola na mwili wako

Munganga anakuandikia kidonge kimoja asubuhi na kimoja mangaribi. Hesabu hiyo inatoka wapi? Inatoka ku njia ambayo dawa inapita mu mwili: nini kinaivunja, na inatokea wapi. Njia hiyo watafiti wanaanza kuitafuta ndani ya panya wa laboratwari.

Tuchukue remdesivir, dawa ya virusi inayojulikana hapa Kongo. Inapita mu mushipa. Vile inavyoingia, bado haina nguvu: lazima seli za mwili ziigeuze, ndipo inazuia virusi kuzaana. Ni kama mawe ya shimo: shaba iko ndani, lakini kwanza yapite mu mashine.

Sasa, damu ya panya iko na enzimu moja ambayo inavunja remdesivir upesi sana, mbele ya kufika ku seli. Damu ya mutu haina enzimu hiyo. Anayeangalia panya tu angesema dawa haifai. Kwa hiyo watafiti walitumia panya waliozaliwa bila enzimu hiyo.

Kima nao walileta matumaini makubwa. Katika majaribio yaliyotangazwa 2016, wale wenye Ebola waliopewa kipimo kikubwa tangu siku ya 3 walipona wote. Halafu, kuanzia Novemba 2018, ikajaribiwa kwa wagonjwa wetu wa Kivu ya Kaskazini, pamoja na dawa zingine tatu. Waliopewa remdesivir, karibu 53 kwa 100 walikufa. Kwa dawa mbili zingine walikufa karibu 35 kwa 100. Moja ya hizo mbili ilitokana na damu ya mutu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Mu Agosti 2019 remdesivir ikaachwa mu majaribio hayo.

Na inatokea wapi? Kwa mutu, karibu 74 kwa 100 ya dawa hiyo inatoka mu mukojo, nyingi ikiwa imekwisha kugeuzwa. 18 kwa 100 mu choo kikubwa. Ndiyo maana munganga anauliza habari ya mafigo na maini. Mafigo yakichoka, dawa inayopita mu mukojo inabaki mu damu na kujazana.

Basi, ndugu muchimbaji, kama panya na kima hawako sawa na sisi, hata wewe na mwenzako wa shimo hamuko sawa. Vidonge vyake vilivyobaki vilihesabiwa kwa mwili wake. Usivimeze, na usimukatie mutoto nusu kwa macho. Ukifika kwa munganga, sema kila dawa unayokunywa, ya miti pia, na lutuku usiifiche.